Lugha ya Mtoto Haisubiri Kifaa

Karibu kila mzazi wa mtoto kiziwi au mwenye usikivu hafifu niliyewahi kuzungumza naye aliambiwa asubiri. Bibi wa mtoto husema hata baba yake alichelewa kusema. Jirani husema watoto wa kiume huchelewa, na mtoto akiwa wa kike husema kila mtoto ana wakati wake. Muuguzi wa kliniki, ambaye ana foleni ndefu ya akina mama nje ya mlango, huangalia kadi, huona mstari wa uzito unapanda, na kusema mtoto yuko vizuri. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye nia mbaya. Hata hivyo, kusubiri huko humgharimu mtoto kuliko uziwi wenyewe, na ninaandika haya kwa ajili ya mzazi ambaye leo ana wasiwasi moyoni na hajui aanzie wapi.

Mtoto hujifunza lugha bila kufundishwa, mradi lugha imfikie. Anayesikia huanza kuizoea sauti ya mama yake akiwa bado tumboni, katika miezi ya mwisho ya ujauzito, na kabla hajatamka neno lake la kwanza amekwisha kusikia maneno yasiyo na hesabu: akibembelezwa, akiogeshwa, akikemewa, watu wazima wakizungumza mambo yao huku wamempakata. Mtoto asiyesikia huyakosa yote hayo bila mtu kujua, kwa sababu uziwi hauumi, hauleti homa, wala hauonekani kwenye mizani. Tena katika miezi ya mwanzo naye hulia, hucheka na kutoa visauti kama watoto wengine, na nyumba nzima huamini kwamba anasikia. Sehemu ya ubongo iliyoandaliwa kupokea sauti haikai bure ikingoja; isipopata sauti katika miaka michache ya mwanzo huanza kutumiwa kwa kazi nyingine, na kuirudisha baadaye huwa shughuli ngumu mno. Ndiyo maana nchi zenye utaratibu wa kupima watoto wachanga zimejiwekea lengo linalojulikana kwa tarakimu tatu, 1-3-6: mtoto awe amepimwa masikio kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo liwe limethibitishwa kabla ya miezi 3, na huduma iwe imeanza kabla ya miezi 6.

Lengo hilo lina ushahidi nyuma yake. Mwaka 1998, huko Colorado nchini Marekani, Christine Yoshinaga-Itano na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha lugha ya watoto 150 viziwi na wenye usikivu hafifu. Waliotambuliwa kabla ya kufikisha miezi 6 walikuwa na lugha bora kuliko waliotambuliwa baadaye, na tofauti hiyo ilionekana iwe uziwi wao ni mkubwa au mdogo, iwe familia zao zina kipato kikubwa au kidogo, iwe wanazungumza kwa mdomo au kwa alama za mikono. Mwaka 2000, Mary Pat Moeller wa Nebraska alitoa matokeo ya watoto 112 waliopimwa lugha wakiwa na umri wa miaka 5, na miongoni mwa mambo yote aliyoyachunguza, ushiriki wa familia ndio uliokuwa na uzito mkubwa kuliko yote. Nilipoyasoma hayo binti yangu alikuwa na miaka miwili. Sehemu ile ya ushiriki wa familia niliirudia mpaka nikaikariri, kwa kuwa ilikuwa kitu pekee katika orodha nzima ambacho hakikuhitaji kuagizwa kutoka nje ya nchi.

Binti yetu alizaliwa kabla ya wakati, akakaa katika wodi ya watoto wachanga akiwa na maambukizi kwenye damu, akatibiwa kwa sindano ambazo mojawapo ilikuwa gentamisini. Dawa hiyo hutumika kwa kawaida kwa watoto wa hali yake na iliokoa maisha yake, kwa hiyo sina ugomvi nayo hata kidogo. Lakini imejulikana kwa miongo mingi kwamba dawa za kundi lake zinaweza kudhuru chembe za kupokea sauti ndani ya sikio, na kwamba uzito mdogo wa kuzaliwa, manjano kali na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa pia huweza kuathiri usikivu. Mtoto aliyepita katika mambo hayo aliruhusiwa kwenda nyumbani na karatasi yenye tarehe ya kupimwa uzito, tarehe ya chanjo na ushauri wa kumbeba kifuani. Juu ya masikio hapakuwa na mstari hata mmoja. Madaktari waliomwona baadaye walituambia wazi kwamba chanzo hasa cha tatizo lake hakiwezi kuthibitishwa, nasi jibu hilo tumelikubali. Ninachoshindwa kukikubali ni kwamba mtoto mwenye kila sababu ya kufuatiliwa hakufuatiliwa.

Aliyeshtuka wa kwanza ni kaka yake, ambaye wakati huo alikuwa darasa la pili. Alipenda kujificha nyuma ya kochi na kumwita mdogo wake, na siku moja akaja kutuambia kwamba mdogo wake hageuki akiitwa, ila akipigiwa mguu sakafuni anageuka. Sisi watu wazima tulikuwa tumekwisha kufanya lile jaribio linalofanywa na wazazi wengi, la kugonga sufuria nyuma ya mtoto, na aligeuka. Wazazi wenzangu, lifahamuni hili: jaribio la sufuria halithibitishi kitu. Mtoto kiziwi hugeuka kwa mtikisiko wa sakafu, kwa kivuli kinachopita, kwa upepo wa mlango, kwa macho ya mama yake yaliyotazama upande ule. Mwenye usikivu hafifu anaweza kabisa kuisikia sufuria na asisikie zile sauti nyembamba zinazotenganisha neno na neno, hivi kwamba "saa", "taa" na "faa" zote humfikia kama "aa" moja isiyo na kichwa.

Zikafuata wiki za ushauri. Mama yangu alitaka mtoto akatwe udata, akiamini kwamba ulimi umefungwa chini na ndio unaomzuia kusema. Shangazi yangu alikuja na mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, ya kudondosha masikioni. Nawaheshimu wote wawili, na najua waliyatoa hayo kwa mapenzi, kwa kuwa ndiyo tiba waliyoipokea kwa wazee wao. Nilimwambia, "Mama, naomba kwanza tumpeleke akapimwe, tukirudi utakalosema tutakaa tulizungumze." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya baba, nendeni," na asubuhi yake akatoa fedha za nauli kwenye pindo la kanga. Nalisimulia hilo kwa sababu tumezoea kuwalaumu wazee kwa kuchelewesha watoto, na mimi nimeona wazee wengi wakikubali vizuri sana wanapoelezwa kwa heshima na kupewa kitu cha kufanya.

Vipimo vyenyewe ni viwili, na ni vizuri mzazi avijue kabla hajafika. Kimoja ni chepesi: ncha laini huwekwa tunduni mwa sikio, ikatoa sauti, kisha ikasikiliza mwangwi mdogo sana ambao koklea, ile sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti, huurudisha ikiwa na afya. Hicho huchukua dakika chache na kinaweza kufanywa kwa mtoto wa siku moja au mbili. Cha pili hufuatia pale ambapo cha kwanza kimetia shaka, au mtoto ana historia kama ya binti yetu: vibandiko vyenye nyaya hubandikwa kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, na mashine husoma jinsi mshipa wa fahamu wa sikio na shina la ubongo vinavyoitika sauti. Mtoto akijitikisa, matokeo huharibika, kwa hiyo sharti awe usingizini.

Sisi tunaishi Morogoro na kipimo kilikuwa Dar es Salaam. Maelekezo yalikuwa mtoto aamshwe alfajiri sana na asiruhusiwe kulala njiani, ili afike amechoka na kulala mwenyewe. Treni ya umeme, ambayo leo hutufikisha kwa muda usiotimia saa mbili, ilikuwa haijaanza safari. Tulipanda basi stendi ya Msamvu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akinyimwa usingizi kwenye basi lenye joto ni mtihani kwa kila aliyemo. Alisinzia Chalinze, mama yake akampaka maji usoni. Akasinzia tena Mlandizi, na mama mmoja wa makamo aliyeketi kiti cha nyuma, ambaye hakutufahamu, akampokea na kuanza kumchezesha kwa leso yake. Tulipofika Kibaha alikuwa analia kwa nguvu na basi zima linajua kwa nini. Kondakta mwenyewe akaja kumtolea sura za kuchekesha. Kwa wataalamu hayo ni maandalizi ya kipimo tu. Kwa wazazi wa mikoani ni sehemu ya huduma yenyewe, na ni sehemu inayowafanya wengi wasirudi mara ya pili.

Matokeo yalionyesha kwamba masikio yote mawili huanza kupokea sauti kwenye desibeli 60 na kwenda juu zaidi. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili waliokaa karibu yako kwenye kiwango hichohicho cha desibeli 60 hivi, maana yake ni kwamba lugha yote ya nyumbani kwetu ilikuwa inaishia mlangoni mwa masikio yake. Aliyetupa habari hiyo alizungumza nasi kwa muda mfupi, akaandika kwamba mtoto anahitaji shimesikio mbili, vile vifaa vya kukuza sauti vinavyovaliwa masikioni, akatueleza bei, na kumalizia kwa maneno ambayo nimeyasikia yakirudiwa na wazazi kadhaa waliopita katika vyumba vingine, mikoa mingine: "Mkishapata, mrudi."

Hapo ndipo pengo lilipo, na hilo hasa ndilo ninalotaka kulisema. Bei ya jozi ile ilizidi mishahara yangu ya miezi kadhaa. Kati ya siku ya kupewa karatasi na siku ya kuvaliwa kifaa ipo miezi ambayo familia inakopa, inauza, inachangisha kwa ndugu, inaandika barua za maombi. Wakati wote huo mtoto anakua, na hakuna mtu aliyewaambia wazazi wafanye nini naye asubuhi, mchana na jioni. Huduma za mapema zimefanywa zionekane kama kifaa. Kifaa ni kitu muhimu sana, nami nitakieleza, lakini kinachochelewa mtoto asipohudumiwa ni lugha, na lugha inaweza kuanza jioni ileile mnayorudi kutoka hospitali.

Kwetu ilianza kwa fundi cherehani. Mke wangu alikuwa akishonesha sare za shule kwa fundi mmoja kiziwi mjini, wakielewana kwa vidole na vipande vya karatasi, na wiki ileile tuliyorudi alikwenda kumwandikia kwamba tuna mtoto. Fundi akafunga kazi mapema Jumamosi, akaja. Nilitarajia atuanzishie alama za baba, mama na maji. Yeye alianza na kiti changu. Nilikuwa nimekaa nimelipa mgongo dirisha, na akaonyesha kwamba mwanga ukitoka nyuma yangu uso wangu unakuwa giza kwa mtoto. Akakihamisha. Akaonyesha kwamba usimsemeshe mtoto kabla hajakutazama; mguse bega au pungia mkono ndani ya upeo wa macho yake, ngoja macho yaje, ndipo useme. Akaonyesha kwamba mtoto akikitazama kitu, kwa mfano kuku, usimgeuze akuangalie wewe, bali peleka mikono yako kwenye upande wa kile kitu ili avione vyote viwili kwa pamoja. Alama zilifuata baadaye. Mpaka leo sijapata kusoma somo la malezi lenye faida kuliko lile la Jumamosi ya kwanza.

Yeye mwenyewe aliipata lugha ya alama alipopelekwa shule akiwa na miaka tisa. Kabla ya hapo, alituandikia, hakuna mtu nyumbani kwao aliyewahi kumweleza jambo lolote ambalo halikuwa mbele ya macho. Babu yake alipofariki aliona watu wanalia, aliona sanduku, na hakuelewa kwamba babu hatarudi. Alielewa miaka kadhaa baadaye, shuleni, mwalimu alipofundisha alama ya kifo. Tanzania ina shule ya viziwi tangu 1963, ilipoanzishwa ile ya Tabora, na Buguruni ilifuata 1974. Ni zaidi ya miaka 60 ya elimu ya viziwi, na ni kazi kubwa ya kuheshimiwa. Lakini shule humpokea mtoto akiwa na miaka sita, saba au zaidi, wakati lugha inaanza siku ya kuzaliwa, na ile miaka ya katikati ameachiwa mzazi peke yake.

Kuna mtaalamu aliyetuonya kwamba tukimfundisha alama atakuwa mvivu wa kusema, na ndugu walisema kwa lugha yao kwamba tunamzoesha ububu. Nililifikiria sana onyo hilo kwa sababu nilitaka, na bado nataka, binti yangu azungumze Kiswahili kwa mdomo wake. Ila onyo hilo linamtaka mtoto akae bila lugha yoyote huku akingoja lugha moja ambayo haijulikani itamfikia lini na kwa kiasi gani. Kwetu mambo yalikwenda kinyume na lile onyo. Alama ya maji alikuwa nayo kabla hajavaa kifaa, na alipoanza kusikia, neno "maji" lilikuja kukaa juu ya kitu alichokijua tayari. Hakulazimika kujifunza vyote viwili kwa mpigo. Simwambii mzazi yeyote achague njia yetu. Zipo familia ninazozijua zilizotumia mdomo pekee na watoto wao wanazungumza vizuri. Ninachomwomba ni asikubali kuambiwa kwamba kungoja mikono ikiwa imefungwa ni njia mojawapo ya tiba.

Shimesikio zilipopatikana ndipo tulipoanza shule nyingine. Kwanza, kifaa hakifanyi kazi bila moldi, kile kipande laini kinachofuata umbo la sikio. Hutengenezwa kwa kuziba ndani ya sikio kwa kijisponji chenye uzi, kisha kumimina mchanganyiko ulio kama unga wa chapati uliokandwa, na kungoja ugande huku mama amekumbatia mwili na baba ameshika kichwa. Sikio la mtoto hukua upesi, moldi ya mwezi wa kwanza hulegea baada ya miezi michache, na ikilegea kifaa hupiga mluzi. Mluzi huo umewafanya wazazi wengi wakivue kifaa na kukiweka kabatini, wakidhani kimeharibika au kinamuumiza mtoto, na hakuna aliyewaambia kwamba kinachotakiwa ni kupimwa moldi mpya. Pili, betri. Ni ndogo kama kifungo cha shati, huisha baada ya wiki moja au mbili, hazipatikani katika kila duka la dawa, na ni hatari mtoto akizimeza, kwa hiyo dai kifaa chenye mlango wa betri unaofungika. Katika kundi letu la wazazi la WhatsApp, mtu akisafiri kwenda Dubai hupewa orodha ya betri kabla hajafunga mizigo. Tatu, jasho na unyevu. Kila usiku kifaa hulala ndani ya kopo lenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya punje za kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na asubuhi huangaliwa kama kuna matone kwenye mrija.

Baada ya hapo huja zoezi la sauti sita, zinazoitwa sauti za Ling kwa jina la Daniel Ling aliyezibuni: a, u, i, m, sh, s. Zinakusanya sauti nzito na nyembamba za lugha, na zote sita zimo katika Kiswahili. Mama yake hukaa nyuma yake, au huziba mdomo kwa karatasi, na kutamka moja moja kwa sauti ya kawaida bila mpangilio. Binti ana bakuli la plastiki na vizibo vya soda; akisikia, anatumbukiza kizibo. Siku asiyotumbukiza kizibo kwa "s" tunajua mapema kwamba kuna kitu, aidha betri, aidha mrija, aidha mafua yamejaza maji ndani ya sikio. Zoezi zima halizidi muda wa chai kupoa kidogo, na linatuambia zaidi ya tunayoyapata kwenye ziara ya kliniki ya kila baada ya miezi.

Kwa watoto ambao shimesikio haziwafikishi popote, upo upandikizaji wa koklea, yaani kifaa cha kusikia kinachowekwa ndani ya sikio kwa upasuaji. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuufanya 2017. Kabla ya hapo watoto walikuwa wakipelekwa India. Ni hatua kubwa na nimewaona watoto walionufaika nayo. Lakini mama mmoja kutoka kusini, niliyekutana naye kwenye benchi la kungojea, alinieleza kwamba aliambiwa kwa kirefu habari za upasuaji na kwa ufupi sana habari za baadaye: kwamba kifaa hurekebishwa kwa kompyuta mara kwa mara, kwamba kina betri na nyaya za kubadilishwa, kwamba mtoto lazima afundishwe kusikiliza kwa miaka. Upasuaji ulifadhiliwa, nauli haikufadhiliwa. Alipanga chumba Dar es Salaam, akaacha mume na watoto wengine nyumbani, akawa anauza maandazi ili mtoto asikose kliniki. Mwanawe sasa anaitika jina lake. Sitaki mtu asome habari ya mama huyo na kuishia kumsifu kwa uvumilivu, kwa sababu mpango wa matibabu haupaswi kutegemea maandazi ya mama.

Hilo linanifikisha kwa sisi akina baba. Katika chumba cha kungojea nimekuwa mara nyingi mwanamume pekee. Nimewasikia wanawake wakisimulia waume waliosema kwamba upande wao hakuna kiziwi, na waliosusa mara tu majibu yalipotoka. Ukweli ni kwamba watoto wengi viziwi, zaidi ya tisa katika kila kumi kwa takwimu za Marekani, huzaliwa na wazazi wanaosikia, na hata pale uziwi unapotokana na urithi mara nyingi mtoto ameupokea kutoka pande zote mbili bila mzazi yeyote kuwa na dalili. Hakuna ukoo wa kulaumiwa. Baba anayejua alama ishirini anaweza kumwambia mtoto wake kwamba kesho anasafiri na atarudi. Asiyejua hata moja huondoka tu, na mtoto hana njia ya kujua kama baba yake anarudi.

Ninachokitaka kutoka kwa wenye mamlaka hakihitaji majengo mapya. Kila mtoto hapa nchini huletwa kliniki kwa chanjo akiwa na wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9 na miezi 18. Ziara tatu za kwanza haziko mbali na hatua mbili za mwanzo za lile lengo la 1-3-6. Kadi iwe na sehemu ya masikio, maswali machache ambayo muuguzi atamuuliza mama, na watoto waliopita wodi ya watoto wachanga au waliougua homa ya uti wa mgongo waandikiwe kipimo bila kujadiliwa. Kuna Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa 2021, na kuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaoingia majumbani. Wafundishwe yale aliyotufundisha fundi cherehani. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kina watu wenye ujuzi huo. Kule Afrika Kusini mpango wa HI HOPES umekuwa ukiwafuata wazazi nyumbani tangu 2006, na watu wazima viziwi ni sehemu ya wanaowatembelea. Nasi tunao watu hao katika kila mji, wakishona, wakiranda mbao, wakisuka nywele. Na kwa kuwa sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, moldi na betri zihesabiwe kuwa matibabu, kama zinavyohesabiwa dawa za mtu mwenye kisukari.

Kinga nayo isisahauliwe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika, na chanjo ya surua na rubela, ambayo Tanzania ilianza kuitoa 2014, ni mojawapo ya kinga hizo. Sikio linalotoa usaha halitibiwi kwa mafuta, lipelekwe hospitali.

Binti yetu sasa ana miaka mitano. Anazungumza kwa mdomo sentensi fupi ambazo wageni huzielewa kwa kujitahidi, na kwa alama anabishana na kaka yake mpaka mama yao anaingilia. Januari anaanza darasa la awali. Tulikuwa na chaguo la shule ya bweni ya viziwi, ambako lugha ya alama ingemzunguka kutwa, na la shule ya msingi ya jirani yenye kitengo cha watoto viziwi, ambako atarudi nyumbani kila jioni. Tumechagua ya jirani kwa mwaka huu, kwa sababu mwalimu wa kitengo anajua alama na amekubali mke wangu aende kila Ijumaa kukagua vifaa, na fundi bado anakuja Jumamosi. Tutaiangalia tena hali mwezi wa sita, na tukiona lugha yake imesimama, tutampeleka bweni.